Anaimba sawasawa, lakini haguswi: uchambuzi wa kisa cha mama aliyepoteza hisia za muziki

Kwenye mazishi ya dada yake, mama wa miaka 69 aliimba wimbo wa kuaga beti zote nne bila kukosea noti hata moja. Katikati ya ubeti wa tatu akamgeukia jirani yake, akamwambia kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari: "Umeingia mapema. Subiri mdundo wa pili." Kisha akaendelea kuimba. Hakulia siku ile wala siku zilizofuata, na jioni aliuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Familia ilisema ni mshtuko wa msiba, kila mtu huomboleza kwa namna yake. Ilichukua mwaka mmoja na nusu kufahamu kwamba siku ile ugonjwa ulikuwa umeshaanza, aina ya demensia (kuharibika kwa ubongo polepole) inayoanza na hisia na tabia badala ya kumbukumbu, na kwamba dalili yake ya kwanza iliyoonekana wazi ilikuwa ndani ya wimbo.

Mama huyu ni wa mfano. Kisa kimeunganishwa kutokana na dalili, makosa na hatua zinazojirudia kwa wagonjwa wa aina yake, ili asitambulike mtu yeyote, na alama za vipimo vyake nazo ni za mfano. Tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Miezi kumi na minane ya kupapasa

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya kwa zaidi ya miaka 40. Miezi michache baada ya mazishi aliacha kwaya. Alipoulizwa sababu alijibu, "Sina sababu," na ilikuwa kweli. Hakuwa amechoka wala kugombana na mtu. Hamu ilikuwa imeondoka, na yeye mwenyewe hakuona kwamba kuna kitu kimeondoka. Mjukuu alipoanguka sebuleni na kuchubuka magoti, bibi alimvuka akaenda zake. Alianza kula vitu vitamu kupita kiasi, na kutembea njia ileile saa ileile kila siku; akizuiwa, anafoka. Hata hivyo hakupotea njia, hakusahau miadi, na tarehe aliijua kuliko mumewe.

Kwanza aliambiwa ana sonona. Alitumia dawa miezi mitano, hakubadilika. Kosa hilo linaeleweka, kwa sababu mtu aliyeacha ghafla jambo alilolipenda maisha yake yote ndiye picha kamili ya sonona. Lakini mwenye sonona huumia kwa kutofurahi. Akisema "nyimbo hazinigusi tena," maneno yenyewe yanamchoma. Mama huyu hakuumia. Alilala vizuri, hakujilaumu, hakutamani kufa. Kwenye orodha ya maswali 15 ya sonona kwa wazee alipata alama 2 tu, na zote mbili zilitoka kwenye maswali yaleyale yanayomkamata mtu yeyote aliyepoa, yaani aliyeishiwa hamu: kama ameacha shughuli zake nyingi, na kama anapendelea kukaa nyumbani. Alama zinazotia shaka ni zaidi ya 5. Karatasi hiyo ilikuwepo kwenye faili tangu mwanzo. Hakuna aliyesoma ni maswali gani yaliyojibiwa "ndiyo".

Kisha akaambiwa ni Alzheimer, demensia inayojulikana zaidi, ile inayoanza na kusahau, akaanzishiwa dawa yake, donepezili. Wiki ya tatu akawa hatulii, anazunguka nyumba usiku na kujibu kwa ukali. Dawa hiyo huongeza asetilikolini, kemikali inayopungua kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer. Katika ugonjwa aliokuja kugundulika nao tatizo haliko hapo, hivyo dawa haisaidii, na baadhi ya wagonjwa huchafuka zaidi kitabia.

Hatua ya tatu ya kupapasa ilitoka nyumbani, na ndiyo iliyoumiza zaidi. Binti yake alikuwa ameona video za wazee wenye demensia wanaokaa kimya siku nzima, wakivalishwa hedifoni na kuwekewa wimbo wa ujana wao macho yanafunguka, wanaimba, wanalia. Akatengeneza orodha ya nyimbo 60 na kumvalisha mama hedifoni kwa muda wa saa tatu kila siku. Ndani ya orodha aliweka wimbo ambao baba yake aliuimba siku alipokuja kuposa.

"Mama, unaukumbuka huu?"

"Naukumbuka. Ni wa baba yako. Anaanza juu mno, mwishoni sauti inamkatika."

Akavua hedifoni. Mume alikuwa amesimama mlangoni.

Tangu siku hiyo binti aliamini amechagua nyimbo vibaya, akawa anabadilisha orodha kila wiki. Mume aliamini jambo baya zaidi: kwamba mkewe hampendi tena, na pengine hakuwahi kumpenda. Hakuna aliyewaambia kwamba video zile, hata zikiwa za kweli kabisa, zinaonyesha aina moja ya ugonjwa, na kwamba zipo aina nyingine zinazofanya kinyume chake.

Sikio kwanza

Kabla ya kusema lolote kuhusu ubongo, masikio yalikaguliwa. Hatua hii huachwa mara nyingi, na kuachwa kwake kumewafanya wazee wengi waitwe wasiojali kumbe hawasikii. Uziwi wa uzeeni huanza na sauti nyembamba: konsonanti zinapotea, vinanda vya juu vinafifia, wimbo unabaki mdundo na besi. Masikio yote mawili yalikuwa na nta. Ilitolewa, kipimo kikarudiwa baada ya wiki moja. Alikuwa na upungufu mdogo kwenye sauti nyembamba, wa kawaida kwa umri wake, usiohitaji kifaa.

Angekuwa anavaa vifaa vya kusaidia kusikia, lingekuwapo swali jingine. Vifaa hivyo vimeundwa kwa ajili ya maneno. Hukandamiza sauti kubwa na kupandisha ndogo, na mfumo wao wa kuzuia mluzi unaweza kuidhania noti ndefu ya filimbi kuwa ni mluzi na kuikata. Mtu husikia muziki uliopindika, anauchukia, watu wanadhani ugonjwa umezidi. Vifaa vingi vina mpangilio maalumu wa muziki. Mtaalamu wa masikio anaweza kuuwasha kwa dakika chache.

Dawa nazo zilipitiwa. Dawa za sonona zinazoongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, zinaweza kumfanya mtu ahisi vitu vyote kwa mbali, na dawa za kutuliza za kundi la haloperidoli huzuia dopamini, ambayo ni sehemu ya mtambo wenyewe wa raha. Ya sonona ilikuwa imesimamishwa miezi minane kabla, na za kutuliza hakuwahi kuzitumia. Dawa hazikuwa mshitakiwa.

Kuupima muziki kipande kwa kipande

Kwenye kipimo cha jumla cha akili cha alama 30 alipata 24. Jumla hiyo haisemi mengi. Mpangilio wake ndio unaosema. Maneno matano aliyopewa akumbuke baada ya dakika kadhaa alirudisha manne. Lakini alipoambiwa ataje maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi moja kwa dakika nzima, alitaja sita, kisha akarudia mawili kati ya hayo. Kipimo hicho kinataka angalau 11. Kumbukumbu ilisimama, uwezo wa kujiongoza ulikuwa umeanguka.

Kipimo cha muziki ndicho kilichofungua kisa. Swali la "anapenda muziki?" halina maana likiulizwa kwa mkupuo, kwa sababu kupenda wimbo ni kazi ya mitambo mingi inayofanya kazi pamoja, na kila ugonjwa unavunja mtambo wake. Kilifanyika asubuhi, siku mbili tofauti, kwa kutumia spika ya kawaida mezani na si hedifoni, ili uso na kifua vionekane vizuri.

Kwanza kusikia na kulinganisha: jozi 12 za tuni fupi, aseme ni sawa au si sawa. Alipata 11. Pili kutambua: tuni 10 zinazojulikana zikichanganywa na 10 zilizotungwa kwa ajili ya kipimo. Alizitenga zote bila kosa, na kati ya zile 10 alitaja maneno au jina la nyimbo 8. Tatu, tuni zenye noti moja iliyoharibiwa makusudi. Hapa alikuwa mwepesi kuliko mpimaji; alikunja uso kabla noti haijaisha. Kuanzia sikioni hadi kwenye kumbukumbu ya nyimbo, mashine ilikuwa nzima.

Hatua ya nne ikavunjika. Vipande 20 vya muziki usio na maneno, kila kimoja cha sekunde kumi, vitano vya furaha, vitano vya huzuni, vitano vya hasira, vitano vya hofu. Kadi nne mezani, achague moja. Furaha alipata 4, huzuni 2, hasira 1, hofu hakupata hata kimoja. Cha kutazama zaidi ya alama ni maneno aliyosema wakati anachagua. Kwenye huzuni alisema, "Huu ni wa polepole." Kwenye hasira, "Ngoma nyingi." Kwenye hofu aliitazama kadi yenye neno hilo kwa muda, akaisogeza pembeni kama kitu kisichohusika na mchezo. Furaha aliipata kwa sababu ina alama za nje zilizo wazi: mwendo wa haraka, ngazi meja (mpangilio wa noti unaosikika mchangamfu). Alikuwa anasoma alama za nje na kukisia hisia iliyomo.

Kipimo hiki kina mtego. Hasira na hofu katika muziki ni ngumu hata kwa wazee wazima, kwa hiyo alama za chini peke yake si ushahidi. Mume, miaka 73, alisikilizishwa vipande vilevile katika chumba kingine: furaha 5, huzuni 5, hasira 3, hofu 4. Pale ndipo tofauti ilipopata uzito. Pasipokuwa na mtu wa kulinganisha naye, mwenye umri na malezi ya muziki yanayokaribiana, kipimo hiki nyumbani au kliniki kinaweza kumsingizia mtu.

Tano, hisia yenyewe. Nyimbo sita alizozipenda na sita asizozijua, kila moja kwa dakika moja, apime kutoka 0 hadi 10 imemgusa kiasi gani. Aliandika 5 mara zote kumi na mbili. Kalamu ilipoandika, mtu mwingine alikuwa anaangalia mwili: pumzi, macho, vinyweleo vya mkono, mguu. Mguu ulipiga mdundo barabara kwa nyimbo zote. Kingine chochote hakikusogea. Uangalizi huu wa mwili hauna mbadala, kwa sababu mwenye Alzheimer mara nyingi hufanya kinyume: anashindwa kutaja jina la wimbo, anachanganya kadi, lakini wimbo ukifika kwenye kiitikio midomo inatetemeka. Akipimwa kwa maneno tu, ataandikwa kuwa hahisi.

Mwisho hojaji ya maswali 20 ya raha ya muziki, iliyotengenezwa na watafiti wa Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013. Inagusa pande tano: kuutafuta muziki, kuguswa nao, kuutumia kubadili hali ya moyo, mwili kutaka kucheza, na muziki kama kiungo cha watu. Aliijaza yeye, na mume akaijaza mara mbili kwa niaba yake: alivyo sasa, na alivyokuwa miaka mitano nyuma. Ya kwake ilifanana na ile ya miaka mitano nyuma. Kwa maoni yake hakuna kilichobadilika. Kutojiona namna hii ni dalili inayojitegemea, na ndiyo sababu mgonjwa wa aina hii asihojiwe peke yake.

Likabaki swali moja: je, ni muziki tu? Wapo watu wazima wasio na ugonjwa wowote ambao tangu utotoni muziki hauwapi raha, ingawa wanafurahia mambo mengine; watafiti haohao wa Barcelona waliwaeleza mwaka 2014. Kama upotevu ungekuwa wa muziki peke yake, njia ingekuwa nyingine. Alionyeshwa picha za nyuso, akasikilizishwa sauti za watu wakilia na wakicheka. Akaanguka palepale: hofu, hasira, huzuni. Kilichokuwa kimepotea ni uwezo wa kusoma moyo wa mtu popote unapoonekana, na kwa kuwa yeye aliishi ndani ya muziki, kilionekana kwenye muziki kwanza.

Ubongo unasema nini

Picha ya MRI ilionyesha kusinyaa kwa sehemu ya mbele ya ubongo, ncha za mbele za sehemu za pembeni, na insula, zaidi upande wa kulia. Hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ambayo kwa Alzheimer huwa miongoni mwa za kwanza kuumia, ilikuwa na hali nzuri kulinganisha na hizo. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2011 vya demensia ya mbele na pembeni ya aina ya kitabia vina dalili sita: kukosa kujizuia, kupoa, kupoteza huruma, kurudiarudia vitendo, mabadiliko ya ulaji, na akili ya kupanga kuanguka huku kumbukumbu ikibaki. Zinatakiwa tatu. Yeye alikuwa nazo tano, na picha ikakubaliana nazo: huo ndio ugonjwa wake. Ugonjwa huu hupenda kuanza kati ya miaka 45 na 65, na hilo lilichangia kusahaulika kwake, ingawa si wachache wanaouanza baada ya hapo.

Mwaka 2011 watafiti wa London waliwapima wagonjwa wa kundi hili uwezo wa kutambua furaha, huzuni, hasira na hofu katika muziki, kisha wakalinganisha alama na picha za ubongo. Sehemu zilizohusika zilikuwa insula, gamba la juu ya macho, singulati ya mbele, amigdala na njia za ndani za raha. Karibu zote ndizo zinazoliwa na ugonjwa huu. Insula husoma hali ya mwili, kama moyo kwenda mbio au kifua kubana. Gamba la juu ya macho hukipa kitu thamani. Mwaka huohuo wa 2011 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba msikilizaji anaposubiri sehemu tamu ya wimbo, dopamini hutoka kwenye kaudati, na sehemu hiyo inapofika hutoka kwenye nyukliasi akumbensi, vituo viwili vya mtambo wa raha ndani ya ubongo. Mama huyu alijua sehemu tamu inakuja, akaisubiri kwa hesabu kamili ya mapigo, ikafika, na thamani yake haikuandikwa popote.

Kwa Alzheimer ramani ni nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig walitafuta kwanza kwa vijana wazima ni sehemu zipi zinazotunza nyimbo zilizozoeleka tangu zamani, wakazikuta kwenye singulati ya mbele na eneo jirani la kupanga mienendo. Walipoangalia ubongo wa wenye Alzheimer, maeneo hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyosinyaa kidogo zaidi. Ndiyo maana mzee aliyesahau majina ya wanawe anaweza kuimba beti nne na kulia. Video alizoziona binti zilikuwa za ubongo wa aina hiyo. Hata huko pana tahadhari: watafiti wa Iowa walionyesha mwaka 2014, kwa kutumia vipande vya filamu, kwamba huzuni hubaki kwa mwenye Alzheimer hata baada ya kusahau kilichoiamsha. Wimbo wa majonzi saa kumi jioni unaweza kuwa ndio chanzo cha mhangaiko wa saa mbili usiku, na hakuna atakayeunganisha.

Zipo sura nyingine ambazo hazihusu kisa hiki moja kwa moja. Mwenye Parkinson anaweza kukosea hofu na hasira katika muziki, huku mdundo ukiendelea kumsaidia kutembea. Wenye demensia ya kupoteza maana za maneno wakati mwingine huanza kuutamani muziki kupita kiasi. Uchunguzi mmoja wa London wa mwaka 2013 ulikuta hali hiyo kwa wagonjwa 12 kati ya 37 wenye magonjwa ya kundi la mbele na pembeni.

Mpango mpya

Donepezili ilisimamishwa hatua kwa hatua chini ya daktari. Nyumbani amani ilirudi kiasi ndani ya mwezi. Hedifoni ziliondolewa, zilimfungia peke yake na sauti asiyoihitaji, na hakuna aliyejua imefika juu kiasi gani. Kiwango salama cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mzee asiyelalamika spika inayosikika na kila mtu chumbani ndiyo kipimo rahisi.

Halafu kazi ya muziki ikabadilishwa. Kilichobaki kizima kwake kilikuwa mdundo, mpangilio na kuimba. Hivyo nyimbo zikawa ratiba. Kuoga kulikuwa vita: dakika 50, watu wawili, makelele. Ulichaguliwa wimbo mmoja wa mwendo wa wastani, dakika tatu hivi, unaoanzishwa na msaidizi kwa mdomo mlangoni mwa bafu. Ubeti wa kwanza kuvua, wa pili maji, wa tatu sabuni. Ukiisha na kazi haijaisha, unaanzwa upya. Haijalishi kama anaupenda. Kinachofanya kazi ni kwamba wimbo ukianza, yeye hawezi kuuacha katikati, na mwili unafuata. Rekodi ilijaribiwa ikashindwa, kwani haisubiri mkono ulioteleza. Sauti ya mtu inapunguza mwendo pale panapohitajika.

Wiki mbili za mwanzo msaidizi alikosea jambo moja: alitumia wimbo huohuo kumtuliza alipokasirika mchana. Siku ya nne wimbo ukawa na harufu ya ugomvi, na bafuni akagoma. Ulibadilishwa, na wa pili ukawekewa kufuli: ni wa kuoga tu.

Alipewa pia kazi. Kwa kuwa alisikia kosa la noti kuliko mtu yeyote nyumbani, ilipendekezwa amfundishe mjukuu wa miaka minane mstari mmoja kwa siku, dakika kumi. Hili lilikuwa kosa la mpango wenyewe. Siku ya tano mtoto alitoka akilia. Bibi alikuwa amemwambia "Umekosea" mara kumi na tano bila kupandisha wala kushusha sauti, na hakuona machozi. Masikio yalikuwa mazima. Kilichomfanya awe mwalimu kilikuwa kimekwenda. Kazi ikahamishiwa kwenye rekodi: binti anajirekodi akiimba, mama anasikiliza na kuweka alama ya kalamu kwenye karatasi ya maneno kila penye kosa. Anakaa dakika 20 ametulia. Binti anasema ndizo dakika pekee za siku wanazofanya kitu pamoja.

Wimbo mmoja mara arobaini

Mwezi wa saba wa mpango huo alinaswa na tuni ya tangazo la redio, sekunde 20. Aliipata kwenye simu ya mumewe, akawa anairudia zaidi ya mara 40 kwa siku, na usiku pia. Familia ilifurahi: mama anapenda muziki tena! Ilibidi waambiwe watazame mambo matatu. Anatabasamu au kuyumba inapopigwa? Hapana. Anatafuta tuni nyingine zinazofanana nayo? Hapana. Ikikatizwa, anaendelea pale ilipokatikia? Hapana, anaianza mwanzo, kama anavyoanza upya njia yake ya matembezi akizuiwa. Mwenye kuutamani muziki huutafuta na kuubadilisha. Hii ilikuwa tabia ya kurudiarudia iliyovaa nguo za muziki.

Mume alijaribu kumnyang'anya simu, akapigwa. Ilifanya kazi njia nyingine: kifaa kidogo chenye kitufe kimoja, ndani yake tuni hiyo peke yake, kikiwekwa mezani saa nne asubuhi na saa kumi alasiri kwa dakika 15, kwenye plagi yenye saa ya kujizima. Umeme ukikatika mwenyewe hakuna wa kugombana naye. Usiku simu inalala chumba kingine. Daktari aliongeza dawa ya serotonini kwa dozi ndogo, safari hii kwa ajili ya kurudiarudia na si kwa ajili ya sonona. Dawa za kutuliza zilikataliwa kwa sababu ya hatari zake kwa wazee wenye demensia. Baada ya wiki sita mara 40 zikawa kumi na kitu, nazo ndani ya saa zilizopangwa.

Mume

Kikao chake kilikuwa kirefu kuliko cha mgonjwa. Alionyeshwa picha ya MRI, upande wa kulia, kwa kidole: hapa, na hapa. Aliuliza kama mkewe anaumia. Aliambiwa hapana. Akauliza kama siku moja wimbo wao utamgusa tena, na akajibiwa ukweli: haitarajiwi. Kisha akaombwa jambo moja gumu, aache kumjaribu kwa wimbo ule. Kwa miezi mingi alikuwa akiupiga jioni na kumtazama usoni, na kila jioni alirudi na jibu lilelile.

Majaribio ya muziki kwa wenye demensia, yaliyokusanywa kwenye mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yanaonyesha kwamba muziki unaweza kupunguza dalili za sonona na matatizo ya kitabia kwa jumla, lakini hauleti tofauti kubwa kwenye ukali na mhangaiko. Mwaka 2014 jaribio la Helsinki lenye jozi 89 za wagonjwa na walezi wao, kwa wiki 10, lilionyesha faida kwa walezi pia. Hilo la walezi lilichukuliwa kwa uzito hapa. Mume, ambaye hakuwahi kuimba kwaya, alijiunga na kikundi cha kuimba cha jioni moja kwa wiki, huku msaidizi akibaki na mama.

Kwenye miadi ya mwezi wa 14 kuoga kulichukua dakika 25 na mtu mmoja. Kipimo cha kadi nne kilikuwa kimeshuka: furaha 3, mengine sifuri au 1. Tuni zenye noti mbovu alizikamata zote. Maneno yake ya kawaida yalikuwa yamepungua hadi sentensi fupi, kwa hiyo hatua inayofuata imeandikwa tayari: wimbo wa kuoga uanze kufundishwa kwa mguno bila maneno, kabla maneno hayajaisha; masikio yakaguliwe kila miezi sita; na chakula kikianza kumpalia, dakika 20 za kalamu na karatasi zisogezwe mbali na saa za kula. Wimbo wa posa umetolewa kwenye vifaa vyote vya nyumbani. Uko kwenye simu ya binti, na mzee huenda kwake Jumapili kuusikiliza.